Bidhaa za Supamaketi Mlangoni Bila Mfuko wa Plastiki: Anayopaswa Kuyajua Anayepokea

Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa si sehemu halali ya ununuzi Tanzania Bara. Mwananchi anayekwenda sokoni au dukani amekwisha kuzoea kutoka nyumbani na kikapu chake, au kununua mfuko mbadala anapolipia bidhaa. Hata hivyo, utaratibu wa kuagiza mahitaji ya nyumbani kwa simu na kuletewa hadi mlangoni umeibua swali jipya. Iwapo mnunuzi hayupo dukani na kikapu chake, bidhaa zake zitasafiri ndani ya nini, na nani anawajibika na chombo hicho kikishafika nyumbani?

Swali hilo linagusa mambo matatu yenye uzito kwa kila kaya: sheria, usalama wa chakula na fedha. Kwa upande wa sheria, katazo haliishii kwa muuzaji, bali linamhusu pia anayekutwa na mfuko huo. Kwa upande wa afya, nyama mbichi iliyosafirishwa bila kutengwa inaweza kuchafua matunda na mboga zinazoliwa bila kupikwa. Kwa upande wa fedha, kaya inayonunua mifuko mbadala mipya kila wiki hugharimia vyombo ambavyo tayari inavyo nyuma ya mlango wa jiko.

Makala haya yanaeleza Kanuni zinasema nini, bidhaa zinapaswa kufikaje, na namna bora ya kuzipokea, kuzikagua na kuzipanga pasipo mfuko wa plastiki.

Katazo linahusu nini

Uamuzi wa Serikali wa kusitisha matumizi ya mifuko ya plastiki ulitangazwa bungeni na Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, mwezi Aprili, 2019. Kanuni zilizofuata zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo zinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ilikwisha kutangulia kwa kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kwa majirani, Rwanda ilitunga sheria yake mwaka 2008, na katazo la Kenya lilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti, 2017.

Kanuni za mwaka 2019 zinakataza kuzalisha, kuingiza nchini, kusafirisha nje ya nchi, kusambaza, kuuza, kuhifadhi, kumiliki na kutumia mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, bila kujali unene wake. Maneno hayo ya mwisho yana umuhimu wa pekee, kwa kuwa katika jitihada za awali mjadala ulikuwa juu ya unene wa mfuko. Sasa hoja ya kwamba mfuko fulani ni mzito, au unaweza kutumika zaidi ya mara moja, haiufanyi kuwa halali.

Adhabu zimepangwa kulingana na nafasi ya mhusika. Anayehifadhi au kusambaza mifuko hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 na isiyozidi shilingi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote kwa pamoja. Anayeuza anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote. Anayemiliki au kutumia anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote.

Kwa maana hiyo, mfuko wa plastiki unaopitishwa mlangoni pamoja na mahitaji ya nyumbani haubaki kuwa kosa la duka pekee. Ukishapokelewa na kutunzwa ndani, tayari umo mikononi mwa kaya.

Kibebeo na kifungashio si kitu kimoja

Eneo linalowachanganya wananchi wengi ni tofauti iliyopo kati ya kibebeo na kifungashio. Kibebeo ni mfuko unaotumika kubebea bidhaa zilizokwisha kununuliwa, kama ile iliyozoeleka kwa jina la rambo. Kifungashio ni kile kinachoifunga bidhaa yenyewe, kwa mfano pakiti ya maziwa, mfuko wa chumvi au ganda la biskuti. Kanuni zimeacha nafasi kwa plastiki inayotumika kufungashia bidhaa katika maeneo maalumu, yakiwemo huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula, pamoja na usafi na udhibiti wa taka.

Nafasi hiyo haimaanishi kwamba kila plastiki isiyo na mikono ni kifungashio halali. Baada ya katazo kuanza, baadhi ya wafanyabiashara waligeuza vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani kuwa vibebeo, wakivitumia kufungia nyanya, vitunguu, mkate na hata vitumbua. Mwaka 2021 Serikali ilipiga marufuku matumizi ya vifungashio vya aina hiyo kama vibebeo.

Anayepokea mzigo nyumbani anaweza kutumia kipimo rahisi. Sukari iliyotoka kiwandani ikiwa imefungwa na ina maelezo ya mzalishaji imo ndani ya kifungashio. Nyanya, pakiti mbili za sukari hiyo na mche wa sabuni vikiwekwa pamoja ndani ya plastiki nyembamba ili vibebeke kwa urahisi, plastiki hiyo ni kibebeo, hata ikiwa haina mikono.

Bidhaa zifike ndani ya nini

Zipo njia tatu kuu ambazo duka linaweza kutumia kufikisha bidhaa bila kuvunja Kanuni, na kila moja ina faida na upungufu wake.

Njia ya kwanza ni kreti. Bidhaa hupangwa dukani ndani ya kreti ngumu, hupakiwa kwenye gari au kwenye boksi la pikipiki, na hufunguliwa mlangoni kwa mteja. Kreti tupu hurudi dukani siku hiyo hiyo. Njia hii haimwachii mteja takataka yoyote, lakini inadai kwamba wakati mzigo unafika awepo mtu wa kuupokea na vyombo vya kuhamishia, kwani msafirishaji hawezi kuondoka bila kreti zake.

Njia ya pili ni katoni. Supamaketi hupokea bidhaa nyingi zikiwa ndani ya katoni, hivyo kuzitumia tena kwa wateja ni jambo la busara. Katoni hubeba vizuri makopo, chupa na pakiti za unga. Udhaifu wake ni maji. Maziwa yaliyotoka kwenye jokofu hutoa jasho, na samaki wa barafu huyeyuka. Kitako cha katoni kikilowa hufunguka na kumwaga vilivyomo. Katoni iliyobeba sabuni ya unga au dawa ya wadudu nayo haifai kubebea mkate au matunda, hata ionekane safi kiasi gani.

Njia ya tatu ni mfuko mbadala, ama wa karatasi ama ule laini usiofumwa ambao umezagaa madukani. Kwa mfuko usiofumwa, viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) vinataka uzito wake usipungue gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Kiwango hicho kimewekwa ili mfuko uweze kutumika mara nyingi. Ulio chini ya kiwango huchanika mapema, na mara nyingi huishia jalalani baada ya safari moja au mbili.

Hapo ndipo penye hoja inayopaswa kuzingatiwa. Mfuko mbadala usiofumwa umetengenezwa kwa nyuzi zenye asili ya plastiki. Faida yake kwa mazingira inatokana na kurudiwa kutumika. Kaya inayoletewa mahitaji kila wiki ndani ya mifuko mitatu mipya itakuwa na mifuko zaidi ya 150 ifikapo mwisho wa mwaka. Kaya hiyo haijavunja Kanuni, lakini imebadili aina ya taka inayozalisha badala ya kuipunguza.

Chombo kinachorudi si jambo geni

Suluhisho la kudumu ni chombo kinachokwenda na kurudi, na Watanzania wana uzoefu nacho wa miaka mingi. Kreti ya soda haikuwahi kuwa mali ya mnunuzi: mteja huweka dhamana ya kreti na chupa, hunywa soda, kisha hurudisha vitupu. Mtungi wa gesi hubadilishwa mlangoni, mtupu ukatoka na uliojaa ukaingia. Dumu la lita 20 la maji ya kunywa hufuata utaratibu huo huo.

Katika mifano yote hiyo, anayeleta na anayepokea wanafahamu mapema kwamba chombo kitarudi. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kutumika kwa mahitaji ya jikoni. Mteja anaweza kukubaliana na duka kwamba bidhaa zije ndani ya kreti na zihamishiwe kwenye vikapu vyake, au mifuko iliyokuja wiki hii ikabidhiwe kwa msafirishaji wiki ijayo na kutumika tena. Duka linalotoza mfuko linaweza pia kurejesha fedha mfuko unaporudishwa ukiwa mzima, kama inavyofanyika kwa chupa za soda.

Makubaliano hayo yafanyike wakati wa kuagiza. Mteja aulize mambo mawili kabla ya kulipa: bidhaa zitakuja ndani ya nini, na je, gharama ya chombo hicho imo kwenye bei? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofanywa kwa njia ya kielektroniki, hivyo ujumbe wa simu unaoeleza makubaliano hayo una thamani na unafaa kutunzwa hadi mzigo upokelewe.

Maandalizi kabla ya mzigo kufika

Mzigo usio na mifuko hupokelewa vizuri na kaya iliyojiandaa. Maandalizi yenyewe hayahitaji gharama kubwa, kwani vyombo vingi vimo ndani ya nyumba: kikapu cha ukindu, beseni, ndoo yenye mfuniko, sinia na mifuko ya nguo.

Inashauriwa kuweka vyombo vinne karibu na mlango. Cha kwanza ni beseni au ndoo inayooshika kwa ajili ya nyama, kuku na samaki wabichi. Cha pili ni chombo cha vyakula vya baridi kama maziwa, mtindi na siagi. Cha tatu ni kikapu cha matunda, mboga na mkate. Cha nne ni chombo cha sabuni, dawa za usafi na viuatilifu vya nyumbani. Bidhaa kavu, kama unga, mchele, chumvi na makopo, zinaweza kuingia moja kwa moja jikoni kwa kubebwa mikononi au ndani ya katoni.

Kwa wanaoishi ghorofani, maandalizi yana uzito zaidi. Msafirishaji akiishia chini na kreti zake, mteja wa ghorofa ya nne asiye na kikapu atapanda na kushuka ngazi mara nyingi, huku vyakula vya baridi vikisubiri juani. Vikapu viwili vyenye mikono imara hupunguza safari hizo. Vizuri visijazwe kupita kiasi. Mafuta ya kupikia ya lita 5 na unga wa kilo 10 ndani ya kikapu kimoja ni mzigo unaoweza kumwangusha mtu kwenye ngazi.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba anayeagiza mara nyingi siye anayepokea. Baba au mama yuko kazini. Mzigo unapokelewa na msaidizi wa kazi za nyumbani, kijana aliyetoka shule au mlinzi wa getini. Huyo ndiye atakayeamua kwa dakika chache kama mfuko uliokatazwa uingie ndani au la, na kama kuku abaki pamoja na nyanya. Ni wajibu wa mwenye nyumba kumweleza mapema aliyoagiza, vyombo vya kutumia na namba ya kupiga endapo kuna tatizo. Si haki kumlaumu mtu kwa kosa ambalo hakuwahi kuelezwa.

Utaratibu wa kupakua mlangoni

Bidhaa zisipokuwa ndani ya mifuko iliyofungwa, zinaonekana zote kwa pamoja. Hiyo ni faida kwa mteja, kwa kuwa ukaguzi unakuwa rahisi iwapo utafanywa kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza ni kutoa vyakula vya baridi na vya barafu na kuvipeleka kwenye jokofu. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za sentigredi, na chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Kwa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, ambako joto la mchana kati ya Desemba na Machi hupita nyuzi 30, busara ni kutokaribia ukomo huo hata kidogo. Ikumbukwe kuwa muda huanza kuhesabika pale bidhaa inapotoka kwenye jokofu la duka, si inapofika mlangoni.

Hatua ya pili ni nyama, kuku na samaki wabichi. Hivi vihamishiwe kwenye beseni lake vikiwa bado ndani ya vifungashio vyake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bidhaa nyingine. Endapo kifungashio kimevuja, kila kilichoguswa na maji yake kitazamwe. Tikiti maji linaweza kuoshwa, chupa inaweza kufutwa kwa sabuni, lakini mkate au kachumbari iliyokatwa tayari haiwezi kuokolewa. Mteja ana sababu ya msingi ya kuikataa bidhaa hiyo hapo hapo.

Hatua ya tatu ni vitu vinavyovunjika. Mayai ndani ya trei ya 30 yafunguliwe na kutazamwe mbele ya msafirishaji. Trei isiyofungwa vizuri juu ya pikipiki hupata misukosuko mingi, hasa katika barabara za mitaa, na yai lililopasuka chini ya trei halionekani kwa kutazama juu tu. Chupa za glasi nazo zishikwe moja moja, kwa kuwa hakuna mfuko wa kuzizuia zikiteleza.

Hatua ya nne ni sabuni, dawa za kufulia, viuatilifu na dawa za mbu. Hizi hazipaswi kupita kwenye chombo kilichobeba chakula. Duka lililochanganya dawa ya wadudu na unga katika kreti moja lielezwe kosa hilo, hata kama hakuna kilichomwagika.

Mwisho ni bidhaa kavu, ambazo zinaweza kusubiri wakati msafirishaji anasomewa risiti. Mnunuzi anapaswa kudai risiti ya kielektroniki ya EFD kama anavyofanya dukani, na kuitumia kuhakiki bidhaa moja baada ya nyingine. Kinachokosekana au kilichoharibika kiandikwe na kupigwa picha kabla msafirishaji hajaondoka. Malalamiko yanayotolewa saa hiyo hayana mabishano mengi. Yanayotolewa kesho yake huacha nafasi ya kila upande kumtupia lawama mwenzake.

Kupanga na kuhifadhi jikoni

Zamani, kaya nyingi zilitumia mfuko wa plastiki uliobeba mboga kama mfuko wa kuzihifadhia. Kukosekana kwake kunahitaji mbinu nyingine, ambazo nyingi zilikuwapo kabla ya plastiki.

Mchicha, matembele, spinachi na majani mengine yachambuliwe, yakung'utwe maji, kisha yafungwe ndani ya kitambaa safi chenye unyevu kidogo au yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya jokofu. Karatasi ya gazeti yenye wino isigusane na chakula. Viazi na vitunguu viwekwe mahali pakavu, penye hewa na giza, lakini visichanganywe, kwa kuwa vikikaa pamoja huharibika mapema. Ndizi, maembe na maparachichi yanayoiva hutoa hewa inayoharakisha kuiva kwa mazao mengine, hivyo yawe mbali na mboga za majani.

Nyama mbichi iwekwe sehemu ya chini ya jokofu, ndani ya chombo kisichovuja, ili maji yake yasidondokee chakula kilichoivishwa. Inayokwenda kugandishwa igawanywe kwa kiasi cha mlo mmoja katika vyombo vyenye mifuniko. Makopo ya majarini au ndoo ndogo za mtindi zilizooshwa vizuri hutosha kwa kazi hiyo.

Suala la pipa la taka nalo huulizwa mara kwa mara, kwa sababu rambo lilikuwa ndilo lililotandikwa ndani ya pipa. Kanuni zimetaja usafi na udhibiti wa taka miongoni mwa maeneo yenye nafasi ya kutumia plastiki, kwa hiyo mifuko iliyotengenezwa mahususi kwa taka ni jambo tofauti na kibebeo. Hata hivyo, kaya inayotenga maganda na mabaki ya chakula kwa ajili ya mbolea au mifugo itakuta taka zilizobaki ni kavu, na pipa linaweza kuoshwa bila kutandikwa chochote.

Usafi wa vyombo vinavyorudi

Chombo kinachotumika mara nyingi kina sharti lake, nalo ni usafi. Rambo lililochafuka kwa damu ya samaki lilitupwa. Kikapu kilichochafuka namna hiyo kitabeba mkate wiki ijayo kama hakikuoshwa. Kwa sababu hiyo, chombo cha nyama kiwe kimoja kinachofahamika na wote nyumbani, kisibadilishwe matumizi, na kioshwe kwa maji na sabuni kila baada ya kutumika. Mifuko ya nguo ifuliwe na kukaushwa juani. Kikapu cha ukindu kisilowekwe, bali kifutwe kwa kitambaa chenye sabuni na kuanikwa, kwani kikihifadhiwa kikiwa na unyevu huota ukungu.

Kwa upande wa duka, kreti inayoingia katika nyumba nyingi kwa siku moja inapaswa kuoshwa kabla ya kupakiwa tena. Mteja anayo haki ya kuhoji akiona kreti yenye mabaki ya mzigo wa mtu mwingine.

Mfuko uliokatazwa ukifika mlangoni

Inaweza kutokea msafirishaji akafika na bidhaa ndani ya plastiki isiyoruhusiwa. Katika hali hiyo mpokeaji asigombane naye, kwa kuwa mara nyingi si yeye aliyefungasha. Bidhaa zihamishiwe kwenye vyombo vya nyumbani palepale na mifuko irudi ilikotoka. Kisha duka lijulishwe kwa ujumbe wa maandishi kwamba mzigo ujao hautapokelewa ukiwa katika hali hiyo.

Duka likiendelea, taarifa ifikishwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kwa ofisa mazingira wa halmashauri husika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia mazingira katika maeneo yao. Taarifa yenye tarehe, jina la duka na picha ya mzigo humrahisishia ofisa kufuatilia.

Maduka na kampuni za usafirishaji nazo zina wajibu wao. Duka linalouza kwa simu linapaswa kumweleza mteja chombo kitakachotumika na bei yake kabla ya malipo, kutenga nyama, vyakula vilivyo tayari na kemikali, na kumpa msafirishaji muda wa kutosha wa kupakua. Dereva anayedaiwa kufikisha mizigo mingi kwa saa moja hawezi kumsubiri bibi anayeishi peke yake, au mtu mwenye ulemavu, ahamishe bidhaa 30 moja baada ya nyingine. Kwa wateja wa aina hiyo, katoni kavu au kreti itakayofuatwa siku inayofuata ni utaratibu wenye utu zaidi, na unawezekana kwa kukubaliana mapema.

Kwa nini inafaa kusumbuka

Baadhi ya wananchi huuliza iwapo usumbufu huu mdogo wa kila wiki una tija. Jibu linaonekana wazi zaidi mvua zinaponyesha. Mfuko wa plastiki hauozi kwa urahisi. Hupeperushwa na upepo, huingia kwenye mifereji na kuziba njia ya maji. Maji yaliyokosa pa kupita huingia majumbani, na yanayotuama huwa mazalia ya mbu. Wakazi wa mabondeni, kama Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, wanaijua gharama hiyo kuliko maelezo yoyote. Wafugaji nao wanaifahamu kwa ng'ombe na mbuzi waliokufa baada ya kumeza plastiki majalalani, na wavuvi kwa nyavu zinazotoka majini zikiwa na taka badala ya samaki.

Katazo la mwaka 2019 liliondoa mfuko mkononi mwa anayetoka dukani. Ununuzi wa kuletewa nyumbani unahitaji nidhamu hiyo hiyo ifike mlangoni, ambako hakuna askari wala mkaguzi, bali mwananchi mwenyewe na msafirishaji. Kikapu kilichowekwa tayari karibu na mlango, beseni la nyama lililotengwa na makubaliano ya kurudisha kreti ni mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wa kila kaya.

Wananchi wanahimizwa kuuliza kuhusu chombo kila wanapoagiza bidhaa, kuwaelekeza wanaopokea mizigo kwa niaba yao, na kurudisha vyombo vinavyostahili kurudi.